Dawa Hainywewi Peke Yake

Kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema asije mtu mwingine akajitwalia. Mimi, Makvala, mwenye miaka ishirini na sita ya kupiga picha za ndani ya watu, ndiye niliyetia dawa ya mgonjwa kwenye mtungi wa mvinyo.

Jagi la plastiki la idara lilikuwa limepasuka Jumatatu. Nikamwambia mtu wa stoo, akaniambia litakuja. Namjua mtu huyo miaka kumi na moja sasa, na neno hilo kwake maana yake ni usinisumbue. Kwa hiyo Alhamisi asubuhi nikajikuta na chupa ya mwisho ya dawa ya kung'arisha matumbo, lita moja na nusu ya maji ya kuichanganyia, na chombo hakuna. Kabatini kulikuwa na mtungi mdogo wa udongo, wenye mkono na mdomo wa kumiminia, uliobaki siku muuguzi mmoja aliposherehekea kuzaliwa kwake. Nikausuuza mara tatu. Nikachanganya dawa, na kwa kuwa ni chungu ya kutoa machozi, nikatia na sharubati ya peasi kidogo. Nikajiona mjanja.

Halafu nikaenda kumkabidhi Jumberi.

Mkoani kwetu Imereti, ukitaja jina la Jumberi hakuna anayeuliza yupi. Ni tamada, msemaji wa meza. Kwenye harusi au matanga yeye ndiye anayesimama na kusema maneno, na kabla hajayamaliza hakuna anayethubutu kuonja mvinyo. Akisema, watu hulia, na waliokuja na ugomvi wao hupatana angalau hadi kesho yake. Ana miaka sitini na tisa. Tangu kiangazi alikuwa amekonda, mkanda wake kautoboa matundu mapya matatu kwa msumari, na kila akila chenye mafuta tumbo linamkaba hadi anajikunja. Daktari wa upasuaji alimwambia waziwazi: bila picha ya tumbo hamruhusu lolote, na picha ikionyesha kile kinachoogopwa, atalazwa siku hiyohiyo. Na Novemba mjukuu wake Tekle alikuwa anaolewa. Jumberi hakuogopa kufa kama alivyoogopa harusi ile kuongozwa na mtu mwingine.

Mtu mwingine huyo alikuwa amekaa pembeni yake kwenye benchi.

Murmani ni jirani yake, ukuta kwa ukuta. Naye ni tamada, wa pili kijijini kwa miaka arobaini, na nafasi ya pili hajaizoea hata leo. Alikuja na kikohozi kisichoisha na karatasi ya kupigwa picha ya kifua, na alikuwa amesisitiza apangiwe siku moja na Jumberi. "Nimemsindikiza," akaniambia. "Jirani ni jirani." Korido nzima ilijua kwamba amekuja kuangalia kama kiti kimeachwa wazi.

"Mzee Jumberi," nikasema, "unakunywa glasi moja ndogo kila baada ya dakika tatu, taratibu, hadi mtungi uishe. Kama saa nzima hivi. Dawa iteremke tumboni, ipite kwenye utumbo, ndipo mashine ijue kipi ni kipi. Tumeelewana?"

Akauangalia mtungi, akaniangalia mimi. "Makvala, mwanangu, ninywe peke yangu?"

"Si wewe ndiye mgonjwa?"

"Na bila maneno?"

"Kunywa tu, mzee."

"Haya," akasema, na mimi kwa ujinga wangu nikamwamini. Nikamwachia glasi moja ya karatasi, nikaingia ndani kumshughulikia kijana wa ajali ya pikipiki. Kumpa tamada mtungi wa udongo na kumwambia anywe kimya ni kama kumpa mbuzi mchicha na kumwambia aulinde.

Yaliyofuata nilisimuliwa baadaye na watu wanne, kwa namna nne. Jumberi alimimina glasi ya kwanza, akaitazama, akairudisha benchini. Akasema hajawahi kunywa kitu peke yake tangu abatizwe, na hataanza leo kunywa dawa kwa kujificha kama mwizi wa kuku. Akaenda kwenye tangi la maji ya kunywa, akarudi na glasi nyingine tatu. Moja akampa Murmani. Moja akampa Bibi Tsaro, aliyekuwa akisubiri eksirei ya kifundo cha mkono. Ya mwisho akampa Emzari, mlinzi wetu, ambaye analipwa mshahara ili azuie mambo ya namna hiyo.

"Kwanza amani," Jumberi akasema, amesimama wima. "Amani iingie katika nyumba hii, na tukitoka itoke nasi."

"Amani," wakaitikia, wakanywa.

Emzari akajilamba midomo. "Huu mvinyo wa nini?"

"Wa peasi," akasema Bibi Tsaro. "Umeharibika kidogo, lakini usimwaibishe mwenyeji."

Wakanywea nchi. Wakanywea waliotangulia mbele ya haki, na Bibi Tsaro akatoa kipande cha mkate kikapuni ili wawadondoshee marehemu matone kama inavyostahili. Kwa hiyo jueni kwamba hata wafu wa Imereti siku ile walipata dawa ya kung'arisha matumbo. Kisha ikaja alaverdi. Tamada akimaliza maneno yake anaweza kumrushia mtu mwingine ayaendeleze kwa kusema neno hilo moja, na aliyerushiwa lazima aseme vizuri kuliko yeye, halafu anywe hadi chini. Kukataa ni kukiri kwamba huna la kusema. Jumberi alimrushia Murmani kwa makusudi, maana alijua kikohozi kile hakitamfikisha mwisho wa sentensi.

Murmani akasimama. Akakohoa, akasubiri, akakohoa tena, akainua glasi.

"Nakunywa kwa afya ya Jumberi," akasema. "Miaka arobaini tumemwona kwa nje, masharubu na koti. Leo Mungu atuonyeshe na ndani. Kila kilichojificha tumboni kitoke hadharani, hata kama ni kitu cha kumlaza mtu kitandani hadi Novemba ipite."

Bibi Tsaro akaguna. Jumberi hata hakukunja uso.

"Dua la kuku halimpati mwewe, jirani," akasema. "Kunywa."

Murmani akanywa, akajimiminia ya pili, akanywa na hiyo, ili ionekane. Kuanzia hapo yakawa mashindano. Jumberi akirusha alaverdi, Murmani anaidaka. Jumberi akinywa moja, Murmani anakunywa mbili. Walinywea wazazi, watoto, majirani wema, na hasa majirani wasio wema. Mimi huku ndani nilisikia sauti zikipanda nikadhani ni televisheni.

Niliposikia wimbo ndipo nikatoka. Jumberi alishika sauti nene ya chini, Emzari katikati, Bibi Tsaro juu kabisa na mkono wake uliofungwa ukipiga hewani. Mtungi ulikuwa umelala ubavu kwenye benchi, mkavu.

"Dawa iko wapi?" nikauliza.

Jumberi akajigusa tumbo. "Hapa." Akafikiri kidogo, maana si mwongo. "Na hapa," akamwonyesha Murmani. "Na kidogo kwa mlinzi. Na bibi ameonja."

Nilikasirika hadi masikio yakaniwaka. Nikawauliza mmojammoja kama kuna aliyewahi kuvimba mwili kwa sababu ya dawa. Bibi Tsaro akasema yeye amewahi kuvimba kwa sababu ya mkwe wake tu. Nikawaambia ile ilikuwa chupa ya mwisho. Nikawaambia pia kwamba dawa ile huendesha, na korido ile ina choo kimoja. Hilo la pili ndilo lililowaingia. Emzari akaacha lindo lake palepale.

Daktari Nestani, anayesoma picha zetu, alitoka akaniangalia. Ni mwanamke mfupi asiyepandisha sauti, na heri angeipandisha.

"Makvala, nani alichagua mtungi?"

"Mimi," nikasema.

"Tumpige picha hivyohivyo," akasema. "Nitakachokosa kwenye dawa ya kunywa nitakitafuta kwa dawa ya sindano. Mlete."

Nikamlaza Jumberi kitandani, mikono juu ya kichwa, sindano mkononi. Mbavu zake zilihesabika. Nilimwonea huruma nikasahau kumgombeza.

"Dawa ikiingia utasikia joto mwilini," nikamwambia. "Utadhani umejikojolea. Hujajikojolea."

"Na nikiwa nimejikojolea kweli?"

"Nitajua mimi. Murmani sitamwambia."

"Mungu akubariki."

"Nikisema zuia, unazuia pumzi. Sekunde kumi na mbili."

"Kumi na mbili?" Akafumbua jicho moja. "Mimi namaliza pembe nzima ya mvinyo kwa pumzi moja."

"Basi jifanye ni pembe."

Mashine yetu ya CT ilitufikia ikiwa imeshatumika kwingine, lakini naipenda. Kitanda husogea kupenya kwenye tundu, na jicho la mionzi huzunguka bila kusimama, kama mtu anayemenya chungwa kwa ganda moja refu lisilokatika. Ikimaliza, unaweza kumfungua mtu kwenye skrini kipande baada ya kipande, tangu mbavu hadi nyonga, na mwenyewe bado kavaa soksi. Jumberi alizuia pumzi sekunde kumi na mbili, na nyingine tano za kujionyesha.

Nikasimama nyuma ya Daktari Nestani. Ini zuri, jambo lililotushangaza sote wawili. Kongosho zuri. Figo, wengu, vyote mahali pake. Kisha mfuko wa nyongo, na ndani yake vijiwe vimejaa kama maharage kwenye kikombe.

"Vijiwe," akasema Daktari Nestani, akaegemea kiti. "Mwambie ana vijiwe tu. Hali kwa sababu akila anaumia, na anakonda kwa sababu hali. Watavitoa, atacheza harusini."

Nilitaka kukimbia korido nzima nikitangaza. Lakini zamu ya Murmani ilikuwa imefika.

"Mimi sina cha kuficha," akasema akijilaza. "Kifua tu. Na usinipige mahali pengine bila ruhusa."

Picha ya kifua haikomei kifuani. Huwa tunashuka kidogo chini ya mapafu, hadi sehemu ya juu ya tumbo, tusije tukakata ncha. Mapafu ya Murmani yalikuwa safi. Kikohozi chake ni cha moshi, maana kila vuli hukaa siku kumi mbele ya moto akichemsha pombe kali ya makapi ya zabibu. Daktari Nestani alipitisha picha harakaharaka, akafika mwisho, akasimama. Akarudi nyuma. Akashuka tena polepole.

Tumbo la Murmani lilikuwa jeupe pe, limejaa dawa ya Jumberi. Na kwenye ule weupe, upande mmoja, palikuwa na pengo jeusi, kama jibini iliyoumwa na panya.

"Huyu nani alimwandikia dawa ya kunywa?" akauliza.

"Hakuna."

"Imefikaje humu?"

"Alaverdi," nikasema.

Akageuka akanitazama. Ni mtu wa hapa, hakuhitaji maelezo. "Glasi ngapi?"

"Wanasema nane. Labda tisa. Alikuwa anataka kumshinda Jumberi."

Akarudi kwenye skrini. "Bila hiyo dawa tumbo lingekuwa tupu limejikunja, na kitu hiki kingejificha kwenye mikunjo. Wala nisingekuwa na sababu ya kukitafuta. Nimeombwa mapafu. Mwite. Na wewe baki, hana mtu wa kukaa naye."

Mke wa Murmani alifariki miaka sita iliyopita. Daktari Nestani alimwambia Murmani taratibu: mapafu ni safi, lakini tumboni kuna kitu, na wiki hii lazima aingizwe kamera kupitia mdomoni ili kitazamwe na kukatwa kipande cha kupima. Inaonekana ni mapema. Lakini si la kusubiri.

"Hilo si la Jumberi?" Murmani akauliza. "Msije mkawa mmechanganya picha. Yeye ndiye aliyekonda."

Daktari akamwonyesha jina lake kwenye kona ya skrini. Murmani akalisoma herufi moja moja. Nimemjua tangu nikiwa msichana, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akikosa neno.

Kule nje Jumberi alikuwa ameshaambiwa habari zake, naye anamuuliza Bibi Tsaro kama hospitali wakikutoa vijiwe wanakupa uende navyo nyumbani. Alipomwona Murmani akafungua mikono.

"Kuku huyo katoka. Mapafu vipi?"

"Safi."

"Sasa umenunia nini? Najua mimi kupona kumekuuma, lakini si hadi hivyo."

Murmani akakaa kwenye benchi, karibu na ule mtungi. "Kiti ni chako, Jumberi," akasema. "Harusini kaa wewe. Mimi sigombei tena."

Jumberi akaacha kucheka. Miaka arobaini walikuwa wamegombania kila meza, kila kaburi, kila mtoto aliyebatizwa, na Murmani hakuwahi kukiri kushindwa hata alipopoteza sauti. Naamini angemtukana mama yake Jumberi asingemtisha hivyo.

"Wamekwambia nini humo ndani?"

Murmani aliweka kiganja juu ya tumbo, basi. Emzari akatoka chooni, akaziona sura zao, akarudi ndani. Jumberi akavua kofia, akakaa, akauchukua mtungi akaupakata.

"Ile dawa ilikuwa yangu," akasema.

"Ndiyo."

"Kama ningekunywa mwenyewe, kama binti alivyoniagiza…"

"Ndiyo," akasema Murmani. Mimi nikajifanya napanga mafaili. Mafaili yenyewe yalikuwa yamepangwa tangu juzi.

Kamera ilithibitisha. Oktoba wakamfanyia upasuaji mjini, wakatoa sehemu ya tumbo, na daktari aliyempasua akasema ingepita miezi sita mingine wangekuwa wanazungumza lugha nyingine. Jumberi alitolewa vijiwe vyake kwa vitundu vidogo vitatu, akavidai, akavitia kwenye chupa ya jamu, anavionyesha wageni. Kila siku alikwenda wodini na chupa ya supu, akamnywesha Murmani kijiko kwa kijiko huku akimtukana. Wauguzi walilalamika kwamba wagonjwa wengine wanacheka hadi nyuzi zinawauma.

Novemba nilialikwa harusini. Hema lilijaza uwanja wa Jumberi wote na nusu ya uwanja wa Murmani. Ukuta wa katikati walikuwa wameubomoa kipande ili meza ipite. Kiti cha tamada kilikuwa kitupu. Jumberi akasimama, koti jipya, mkanda umerudi kwenye tundu lake la zamani.

"Mimi leo ni babu wa bibi harusi," akasema. "Kazi yangu ni kulia. Tamada ni Murmani."

Watu wakanong'onezana. Tamada lazima anywe kila glasi anayoitangaza, hiyo ni sheria ya meza tangu mababu, na kila mtu alijua Murmani ameruhusiwa maji tu, tena kwa kudonoa. Shemeji mmoja wa upande wa bwana harusi akaropoka: "Atasemaje asiyekunywa?"

"Yeye atasema, mimi nitakunywa," akajibu Jumberi. "Alikunywa yangu. Sasa nakunywa yake."

Murmani akaenda kukaa kwenye kiti alichokitamani miaka arobaini. Koti lilimpwaya. Akasimama, na nilishangaa hakukohoa.

"Miezi miwili iliyopita," akasema, "niliomba Mungu aonyeshe kilichojificha tumboni. Nilimwombea jirani yangu, na sikumwombea mema. Akaniambia dua la kuku halimpati mwewe. Kweli halikumpata. Lilimrudia kuku mwenyewe, ndiyo maana yuko hapa anawasumbua. Kwa hiyo nakunywa kwa mtu ambaye hajui kunywa peke yake. Mimi sijui angekuwa mchoyo ningekuwa wapi."

Akainua glasi yake ya maji. Jumberi akainua pembe iliyojaa mvinyo, akaifikisha chini kwa pumzi moja, na alipoishusha uso wake ulikuwa umelowa, na hakujificha. Mimi nililia pia, nami si mtu wa kulia ovyo.

"Alaverdi," Murmani akasema. "Makvala."

Meza nzima ikanigeukia. Mbele yangu mtu alikuwa ameweka mtungi mdogo wa udongo, wenye mkono na mdomo wa kumiminia, ambao nilikuwa nimeutafuta kabatini wiki tatu nikidhani mtu wa stoo ndiye kauchukua. Jagi la plastiki lilikuwa bado halijaja. Nikasimama. Naweza kusoma mtu kipande kwa kipande, lakini hotuba siziwezi. Nikasema neno moja tu nililolikumbuka, amani, nikajimiminia, nikanywa hadi chini.

Lakini nilinusa kwanza; mtungi ule naujua.